Matuta Yakigeuka Ploti, Maji ya Mvua Huenda Wapi?

Katika vilima vya Mua na Iveti, na hata upande wa Kangundo, shamba lililokuwa na matuta kwa miaka mingi linaweza kugeuka ploti 20 kwa muda wa wiki chache. Mpima ardhi huweka mawe ya mipaka, tingatinga hufungua barabara ya kuingilia, na mafundi huanza kuchimba msingi. Katika shughuli hiyo yote kuna jambo moja ambalo mara nyingi halionekani kwenye mchoro wowote: maji yaliyokuwa yakishikwa na yale matuta yatapita wapi mvua ya vuli ikianza.

Somo hili linawahusu wanaonunua ploti, wanaouza mashamba yao vipande vipande, mafundi, na wale wanaoishi chini ya mteremko, ambao kwa kawaida ndio huwa wa kwanza kujua kwamba kuna mtu amejenga juu yao.

Kazi iliyofanywa na fanya juu

Miaka ya 1930, ardhi ya Ukambani ilihesabiwa miongoni mwa zilizoharibika vibaya zaidi nchini kwa mmomonyoko wa udongo. Serikali ya kikoloni iliwalaumu wafugaji na ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa lazima. Mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda hadi Nairobi kupinga amri hiyo. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi ya kulazimishwa haikupendwa. Mambo yalibadilika pale wakulima wenyewe walipoona faida. Kupitia vikundi vya mwethya, majirani walikwenda shamba kwa shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, hadi mteremko mzima ukawa ngazi.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, huku mmomonyoko ukipungua. Jina la "fanya juu" sasa limo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi, na huandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Ufundi wake ni rahisi. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mlima na kurusha udongo upande wa juu, ndiyo maana ya jina. Tuta hilo huyazuia maji na udongo unaoteremka. Kila msimu udongo hujaa nyuma ya tuta na shamba husawazika kidogo kidogo, hadi likawa ngazi pana. Maji hayapati nafasi ya kukimbia. Husimama, hutua tope, kisha huzama ardhini. Mteremko wenye matuta 15 una vizuizi 15, na kila kimoja hubeba maji ya kipande chake tu.

Tingatinga likipita hapo kwa siku mbili, vizuizi vyote 15 hutoweka pamoja. Mnunuzi akija kuiona ploti yake mwezi wa Agosti, ardhi ni kavu, imesawazishwa na inapendeza. Hakuna kinachomwonyesha kilichoondolewa.

Hesabu ya ploti moja

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, maji yake ni lita 1. Kwa kanuni hiyo moja mtu yeyote anaweza kupiga hesabu ya ploti yake bila kumwita mhandisi.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ina karibu mita za mraba 465. Tuseme nyumba imeezekwa mabati ya mita za mraba 150, na uwanja wa magari pamoja na njia umewekwa saruji kwa mita za mraba nyingine 150. Mvua kubwa ya alasiri moja ikileta milimita 40, sehemu hizo mbili peke yake hupokea lita 12,000. Hayo ni madramu 60 ya lita 200. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingezama kati ya mahindi na mbaazi. Sasa karibu yote hutafuta njia ya kutoka, tena kwa muda wa saa moja au mbili.

Ploti 20 za namna hiyo hutoa lita 240,000, sawa na maboza 24 ya lita 10,000 yanayomwagwa kwenye barabara moja ya udongo. Kuna wakazi wanaonunua maji ya boza mwezi wa Septemba na kuachia maji ya thamani hiyo hiyo yapite langoni mwezi wa Novemba yakibeba udongo wa jirani.

Wingi wa maji ni nusu ya tatizo. Kasi ndiyo nusu nyingine. Maji yakienda kwa kasi mara mbili, nguvu zake za kuchimba huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana maji yanayotambaa kwenye nyasi hayachimbi chochote, lakini maji hayo hayo yakikusanywa kwenye mfereji mwembamba unaoshuka moja kwa moja hung'oa mawe.

Barabara iliyonyooka na mlima

Kosa kubwa zaidi hufanyika kabla hata ya nyumba ya kwanza kujengwa. Anayegawa shamba hutaka ploti nyingi iwezekanavyo, na njia rahisi ni kuchora barabara inayoshuka kutoka juu hadi chini, ploti zikiwa kushoto na kulia. Kwenye karatasi mchoro huo ni safi. Mlimani, barabara hiyo ni mto ambao bado haujapata maji.

Barabara inayokata mteremko kwa mshazari, au inayofuata usawa wake, hula ploti moja au mbili zaidi na humgharimu muuzaji. Barabara iliyonyooka humgharimu kila atakayenunua, mwaka baada ya mwaka, kwa changarawe inayosombwa na magari yanayokwama. Mnunuzi mwenye busara husimama juu ya barabara ya kuingilia na kutazama chini. Akiona imeshuka moja kwa moja hadi mwisho bila mtaro wa pembeni wala mahali pa kutolea maji, basi bei aliyotajiwa si bei yote.

Pale ambapo barabara ya namna hiyo tayari ipo, dawa ni kuyatoa maji mapema yakiwa bado machache. Mitaro midogo ya kuchepusha huchimbwa kutoka mtaro wa barabara kuelekea pembeni, ikipeleka maji kwenye nyasi, kwenye shamba lenye matuta au kwenye kidimbwi. Mteremko ukiwa mkali, mitaro hiyo hukaribiana zaidi. Jambo hili halifanywi usiku wala kwa ubabe: mwenye ardhi inayopokea maji lazima akubali kwanza. Wengi hukubali wakielezwa vizuri. Katika Machakos, Makueni na Kitui wapo wakulima ambao kwa miaka mingi wameyaelekeza maji ya barabara kwenye matuta yao na kwenye mashimo ya migomba, nao huyahesabu kuwa mali.

Kalvati nazo zinahitaji macho. Kalvati iliyozibwa na matawi, mifuko na tope hugeuza tuta la barabara kuwa bwawa ambalo halikujengwa liwe bwawa. Nchi nzima ilijionea hatari hiyo tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru. Maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake kuzibwa, yalifumuka usiku na kuwaua makumi ya watu. Msimu huo huo mafuriko yaliingia katika nyumba za wakazi wa Athi River. Kalvati ya mtaani ni ndogo kuliko ile ya reli, lakini nyumba zilizo chini yake pia zina watoto waliolala.

Udongo mwekundu na udongo mweusi

Ushauri unaofaa Iveti unaweza kuharibu nyumba Syokimau. Kaunti hii ina aina mbili za ardhi ambazo hazishughulikiwi kwa njia moja.

Vilimani, udongo mwekundu au wa kichanga hunywa maji vizuri lakini ni mwepesi kusombwa ukiachwa wazi, na mara nyingi chini yake kuna mwamba usio mbali. Kwenye tambarare za Mavoko, kuanzia Mlolongo na Syokimau kuelekea Athi River, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi huo hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba na kufunga, maji yakabaki juu. Tambarare haina mmomonyoko mkali kama mlima, ila maji hayana pa kwenda, kwa hiyo kila anayejaza udongo ili kuinua ploti yake humsukumia jirani dimbwi lake.

Kabla ya kulipa fundi wa kuchimba shimo la kunyonyesha maji, kuna jaribio la bei nafuu. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60. Lijaze maji, linachukua karibu mitungi mitatu ya lita 20. Yaache yazame, kisha lijaze tena na kutazama. Yakiisha kwa saa chache, ardhi hiyo inanyonya. Yakiwa bado yamesimama asubuhi ya pili, shimo kubwa litakuwa kisima cha mbu, na mwenye ploti afikirie tangi.

Hata pale ardhi inaponyonya, watu hulikadiria shimo kupita kiasi. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5 lenye kina cha mita 2 lina ujazo wa lita 4,500. Likijazwa mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni karibu asilimia 40, yaani lita 1,800. Ile ploti ya lita 12,000 ingehitaji mashimo sita au saba ya namna hiyo, ukiacha kiasi kinachozama wakati mvua inaendelea. Kwa hiyo shimo peke yake halitoshi. Liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, mbali na choo cha shimo na tangi la maji taka. Kwenye mteremko mkali lisiwekwe juu ya nyumba ya jirani, maana udongo ulioshiba maji huteleza.

Tangi ndilo hutangulia. Mifereji ya paa ikifungwa vizuri na tangi la lita 5,000 au 10,000 likawekwa, sehemu kubwa ya mvua ya kwanza haigusi ardhi kabisa. Kasoro moja ni ya kawaida mno: bomba la kutolea maji tangi linapojaa huachwa likimwaga kando ya ukuta wa nyumba. Baada ya misimu miwili msingi huanza kuonekana. Bomba hilo liongozwe hadi kwenye nyasi, bustani au shimo la kunyonya.

Kwenye udongo mweusi, pamoja na tangi, kinachosaidia ni kuacha sehemu ya uwanja ikiwa chini kidogo kuliko nyingine, yenye nyasi, ili maji yasimame hapo kwa saa kadhaa na kutoka polepole kwenda kwenye mtaro wa mtaa. Kuweka kabro kila pembe, ukuta hadi ukuta, ni fasheni ya gharama kubwa ambayo huondoa nafasi hiyo ya mwisho.

Ukuta wa mpaka nao ni sehemu ya hesabu. Ukuta wa mawe uliokingama na njia ya maji bila matundu chini yake hushikilia maji kama bwawa hadi unaposhindwa, nao huanguka upande wa jirani. Matundu huwekwa wakati wa kujenga, na majirani hukubaliana mapema maji yatapokelewa wapi upande wa pili.

Miezi ya ujenzi

Ploti hupoteza udongo mwingi zaidi katika miezi ya ujenzi, ardhi ikiwa wazi, kuliko miaka mingi baada ya nyumba kukamilika. Hapa ndipo mwanakandarasi na mwenye nyumba wanaweza kuokoa mengi kwa gharama ndogo.

Kazi za kuchimba na kusawazisha zifanywe Januari na Februari au kati ya Juni na Septemba. Aliyechelewa hadi katikati ya Oktoba ni afadhali asubiri au achimbe sehemu anayojenga tu. Nyasi na vichaka vya upande wa chini wa ploti visifyekwe; ukanda wa mita 3 wa nyasi zilizosimama huchuja tope vizuri bila gharama ya kununua kizuizi. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kukinga, wenye mwinamo mdogo, ili maji ya mlimani yasipite katikati ya kazi.

Lundo la udongo na la mchanga huwekwa mbali na mtaro wa barabara, likafunikwa kwa turubai jioni mawingu yakikusanyika. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, utengwe na urudishwe mwishoni. Nyasi hukataa kuota juu ya udongo wa chini. Langoni pamwagwe kokoto ili matairi ya malori yasitoe tope barabarani. Mtaro wa mtaa uliofukiwa ili lori liingie ufunguliwe siku hiyo hiyo, au uwekewe bomba la upana wa kutosha. Mitaro mingi ya mitaa hufungwa kwa namna hii, lango moja baada ya jingine, na mwishowe kila mtu hushangaa maji yanapopita juu ya barabara.

Kupata usawa wa mtaro hakuhitaji mashine. Mafundi wana mpira wa maji unaopitisha mwanga, ule wa kupimia lenta: maji katika ncha zake mbili hukaa usawa mmoja. Wazee waliochimba fanya juu walitumia kamba, fito mbili za urefu sawa na pima maji iliyotundikwa katikati ya kamba.

Tope linalotoroka haliishii kwa jirani. Kila lori la udongo linaloingia katika Bwawa la Maruba karibu na mji wa Machakos huchukua nafasi ya maji. Vivyo hivyo mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu: hayo huhifadhi maji katikati ya chembe kubwa za mchanga, na tope laini likijaa kati yake, maji hayachoteki kama zamani.

Korongo likishaanza

Korongo hukua kuelekea juu. Kichwa chake, pale maji yanapodondoka, ndicho kinachokula ardhi, kwa hiyo kulijaza taka na vifusi upande wa chini hakusaidii; taka hizo husombwa na kuziba kalvati inayofuata. Kazi huanza juu: maji yanayoingia kichwani yachepushwe kwanza, kisha kichwa chenyewe kilazwe kwa mwinamo na kupangwa mawe.

Baada ya hapo hujengwa vizuizi vya mawe, magunia ya udongo au gabioni ndani ya korongo. Vipimo viwili husahauliwa. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko kingo zake, ili maji yapite kati na yasichimbe ubavuni. Na umbali kati ya kizuizi na kizuizi upimwe hivi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Chini ya kila kizuizi huwekwa mawe ya kupokea maji yanayoanguka. Tope likijaa nyuma yake, hupandwa nyasi za nepia au vetiva, na mbuzi huzuiwa kwa msimu mmoja au miwili.

Hii ni kazi ya mwethya. Mwenye ploti mmoja hawezi kuliponya korongo linalopita katika ploti saba.

Ofisi ya kuendea

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka kila anayegawa ardhi au kujenga apate kwanza kibali cha kaunti. Hapo ndipo mkazi ana nguvu kubwa zaidi, kwa sababu mchoro ni rahisi kubadilisha kuliko barabara. Mnunuzi amwombe muuzaji amwonyeshe kibali cha ugawaji na mchoro wenye njia ya maji, na asikubali kuonyeshwa mawe ya mipaka peke yake. Miradi mikubwa huhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMA, na kazi yoyote ndani au kando ya mto huhusu Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mkazi anayepokea maji au tope kutoka kwenye ujenzi wa juu aanze kwa kuzungumza na mwenye ploti. Wengi huishi mbali na hawajawahi kuiona ploti yao ikinyeshewa. Isipofaa, aende kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya mipango ya kaunti akiwa na nambari ya ploti au alama ya mahali, tarehe ya mvua, na picha mbili: moja ya mahali maji yanapotoka, nyingine ya mahali yanapoingia. Picha zilizopigwa wakati mvua inanyesha zina uzito kuliko za siku ya pili, kwa kuwa maji yakishakauka kila upande hudai yalitoka kwingine.